Ruta ya Linksys na hofu ya GPL

Katika kazi yangu ya kukagua leseni za programu, hukutana mara kwa mara na wakurugenzi wanaoamini kwamba kipande kimoja cha programu huria (ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza) kikiingia katika bidhaa yao, siri zote za kampuni zitageuka mali ya umma. Hofu hiyo imetiwa chumvi, na huwajibu kwa mkasa wa Linksys WRT54G, ruta (kifaa cha kusambaza intaneti) ya nyumbani.

Mwaka 2003, Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, ilipoinunua kampuni ya Linksys kwa takriban dola milioni 500, wataalamu waligundua kwamba ruta hiyo ilikuwa ikiendeshwa na Linux, mfumo endeshi huria, ilhali mnunuzi hakupewa msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na watengenezaji wake) wala ahadi ya maandishi ya kuupata, kama inavyodai GPL toleo la 2, leseni ya Linux. Chipu zilikuwa za kampuni ya Broadcom, na programu ilikuwa imepitia mikono mingine kabla ya kufika Linksys. Kwa hiyo Cisco ilirithi deni ambalo, kwa maoni yangu, wanunuzi wengi wa kampuni hadi leo hawalikagui.

GPL haimgusi anayeitumia programu ndani ya ofisi yake tu. Wajibu huanza anapoisambaza, na akiukiuka, ruhusa yake hukoma, hivyo kila ruta anayoiuza baada ya hapo huwa ni uvunjaji wa hakimiliki kama mwingine wowote. Anaweza kutoa msimbo wa sehemu iliyo chini ya GPL, au kuiondoa sehemu hiyo na kuandika yake, ingawa kuing'oa Linux yote katika kifaa kilichokwisha kuuzwa si jambo la mzaha. Linksys ilitoa msimbo, na juu yake ukajengwa OpenWrt, mradi wa programu huria ya ruta ulioanza mwaka 2004. Programu ya Broadcom ya kuendeshea Wi-Fi, hata hivyo, ilibaki imefungwa.

Mwaka 2005 toleo la tano la ruta hiyo lilihamia VxWorks, mfumo usio huria unaohitaji kumbukumbu ndogo zaidi. Wateja walinung'unika, na kampuni ikawauzia WRT54GL yenye Linux.

Ugomvi haukuishia hapo. Desemba 2008 Free Software Foundation, taasisi inayotetea programu huria, iliishtaki Cisco kuhusu bidhaa kadhaa za Linksys, na Mei 2009 pande hizo zilipopatana, Cisco ilikubali kuichangia taasisi hiyo fedha na kumteua mtu wa kusimamia utii wa leseni katika Linksys: kazi ambayo ingekuwa rahisi zaidi kabla ya ruta ya kwanza kuuzwa.