Sindano ya ini: njia fupi siyo lazima iwe salama

Baba yangu mdogo aliahirisha mara mbili kipimo cha ini, kile cha kudungwa sindano ili kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kuchunguzwa. Shemeji yake, mtu anayemsikiliza kuliko daktari, alikuwa amemwambia kwamba saratani ikichomwa sindano inaamka. Mara ya tatu nilikwenda naye. Alipokuwa anabadilisha nguo, daktari wa radiolojia alinionyesha kwenye kompyuta njia aliyompangia: mstari mwembamba kutoka kwenye ngozi, katikati ya mbavu mbili, hadi kwenye doa la ukubwa wa ndimu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia mambo haya, na inaniuma kusikia watu wanakosa kipimo kwa maneno ya barazani.

“Sindano inaamsha saratani”

Hofu hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Seli za saratani zinaweza kubaki kwenye tundu la sindano na kuota hapo. Lakini uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta jambo hilo likiwapata takriban wagonjwa 3 kati ya kila 100 waliochukuliwa kinyama cha saratani iliyoanzia kwenye ini. Habari ya saratani “kuamka” haimo.

Na njia hupangwa kwa kuifikiria hatari hiyohiyo. Uvimbe ulio juujuu ya ini haudungwi moja kwa moja. Sindano hupitishwa kwanza kwenye nyama nzima ya ini, ndipo iufikie uvimbe, ili nyama hiyo ilibane tundu na damu isivujie tumboni. Madaktari wengi huweka sindano ya nje iliyo kama mrija, vipande kadhaa vikatolewa kwa tundu moja. Na sindano ikitumika kwa tiba badala ya kipimo, yaani kuunguza uvimbe kwa joto, huweza kurudishwa taratibu ikiwa bado moto, ili iunguze na njia iliyopita. Tena si kila mtu lazima adungwe: ini likishakakamaa kwa makovu, yaani sirosisi, picha za CT au MRI zilizopigwa kwa dawa ya kung’arisha mishipa mara nyingi zinatosha kuitambua saratani hiyo.

“Njia fupi ndiyo salama”

Hata mimi niliamini hivyo. Ila ini lina majirani: pafu kwa juu, na kwa chini mfuko wa nyongo, utumbo mpana na figo. Ubavuni, utando wa pafu hushuka mpaka ubavu wa 10, ingawa pafu lenyewe huishia kama ubavu wa 8 mtu akipumua kawaida. Mstari mfupi kuliko yote unaweza kuutoboa utando huo. Hata kati ya mbavu kuna utaratibu: sindano hupitia kwenye ukingo wa juu wa ubavu, maana mishipa ya damu na neva imejibana chini ya ukingo wa chini.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Programu inachukua picha za CT, viungo vinachorwa mipaka, kisha inajaribu mistari mingi sana kutoka kwenye ngozi. Masharti ni ya aina mbili. Ya lazima: usiguse mfupa, utumbo wala mshipa mkubwa, wala usizidi urefu wa sindano. Mstari unaovunja sharti moja tu unatupwa. Ya pili ni ya kupimana: uko mbali kiasi gani na mshipa, ni mfupi kiasi gani, unaingia kwa pembe ipi, kwa kuwa sindano inayolijia ini kwa kulala huteleza juu ya gamba lake. Mwaka 2011 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha mbinu iliyotumia wazo la Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia: njia inaondolewa ikiwa ipo nyingine isiyozidiwa nayo kwa lolote na inayoizidi kwa angalau jambo moja. Zinazobaki anawekewa daktari achague. Mbinu hii inanivutia kwa sababu haijidai kujua jibu.

“Kumbe kompyuta ndiyo inayodunga”

Hapana. Inapendekeza. Hata panapokuwa na mkono wa roboti, mara nyingi kazi yake ni kushikilia pembe tu, na anayesukuma sindano ni daktari.

“Ikifika kwenye uvimbe imetosha”

Kwa kuchukua kinyama, karibu ni kweli. Kwa kuunguza, sivyo kabisa. Uvimbe wa sentimita 3 huunguzwa pamoja na ukingo wa nyama nzima wa milimita 5 hadi 10 pande zote. Ukingo ukiwa milimita 10, tufe la kuunguzwa linafika sentimita 5, na ujazo wake ni zaidi ya mara nne ya uvimbe wenyewe. Sindano ikienda kombo milimita chache, upande mmoja unakosa ukingo. Na mshipa wa zaidi ya milimita 3 ukiwa jirani, damu inayopita huondoka na joto, kama upepo kwenye jiko la mkaa lililoachwa wazi.

“Mambo haya ni ya Ulaya”

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, sindano zinazoongozwa na picha zinafundishwa. Programu ya 3D Slicer, inayotumika kutazama picha na kuchora njia kwa ajili ya utafiti, ni ya bure.

“Ini liko palepale picha ilipolionyesha”

Hili ndilo nililokuwa silijui kabisa. Kila pumzi hulisogeza ini juu na chini, kama sentimita 1 hadi 2 kwa upumuaji wa kawaida, na zaidi mtu akivuta kwa nguvu. Mstari mzuri wa kwenye kioo ni wa pumzi moja tu, ile iliyopigiwa picha. Kwa hiyo kabla ya sindano baba mdogo alifanyishwa mazoezi. “Vuta kidogo, mzee. Toa. Shikilia hapohapo.” Mara tano. Ya sita ndiyo ikawa yenyewe, ikasikika “tak”, kwisha.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia saa kadhaa. Bega la kulia likaanza kumuuma, akanitazama kama mtu aliyedungwa pabaya. Muuguzi akamweleza kwamba kiwambo, msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, na bega vinapokea neva kutoka sehemu moja ya shingo, ndiyo maana kimoja kikisumbuliwa kingine kinalalamika. Simu ikaita. Ni shemeji, anataka kujua wamemfanyaje.

“Wamenifundisha kupumua kwanza,” akamjibu.