Hakuna Damu Chafu: Maswali na Majibu Kuhusu Kutokwa na Damu Baada ya Kujifungua

Kuna kauli ambayo wakunga huisikia mara kwa mara mlangoni pa wodi ya wazazi, na huisikia ikiwa mama ameshachelewa: "Tulidhani ni damu ya kawaida." Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanawake karibu 45,000 hufa kila mwaka kwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa za kuizuia zipo na zinajulikana. Kinachokosekana mara nyingi ni muda, na muda huo hupotea watu wakiwa wamekaa wanaitazama damu.

Damu huhesabiwa kuwa nyingi ikifika kiasi gani?

Kipimo kilichozoeleka ni mililita 500, yaani nusu lita, au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, yalitoa mwongozo unaotaka hatua zianze mapema zaidi: mililita 300 zinatosha iwapo mapigo ya moyo au presha ya mama vimeanza kuyumba. Mama mwenye upungufu wa damu anaweza kuzidiwa kabla nusu lita haijafika.

Lakini si ni ile damu chafu ya uzazi, ambayo lazima itoke yote?

Hapana. Hakuna damu chafu. Damu inayomwagika baada ya mtoto kuzaliwa ni ileile inayopeleka hewa kwenye ubongo, moyo na figo za mama. Mwili hauna akiba nyingine iliyofichwa mahali.

Mimba ikishatimia, kati ya mililita 500 na 700 za damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa iliyokuwa inalilisha hubaki wazi. Mishipa hiyo imepita katikati ya nyuzi za misuli ya mji wa mimba. Misuli ikikaza, mishipa hubanwa na damu hukatika. Misuli ikilegea, damu inaendelea kumwagika. Katika kila wanawake 10 wanaotokwa na damu nyingi, takriban 7 tatizo lao ni hilo, mji wa mimba kushindwa kukaza. Wengine wamechanika njiani, au kipande cha kondo kimebaki ndani.

Ni kweli kwamba mama hutokwa na damu kwa siku kadhaa baada ya kujifungua. Hiyo huwa ya kiasi, na kila siku hupungua: nyekundu kwa siku 3 au 4 za mwanzo, kisha ya waridi au kahawia, kisha majimaji meupe yanayoweza kuendelea hadi wiki ya 6. Hiyo nayo haihitaji kusaidiwa itoke. Usikandamize tumbo ili "isafishe", wala usinywe dawa ya kuisukuma.

Tutajuaje kuwa imezidi wakati hatuna kipimo?

Pedi kubwa au kitambaa kilichokunjwa kikiloa chote ndani ya dakika 15 baada ya kujifungua, hiyo ni dharura. Katika siku zinazofuata, pedi moja kuloa ndani ya saa moja ni dharura pia. Donge la damu lenye ukubwa wa yai au kuzidi, vilevile. Na usisubiri imwagike kwa kishindo: damu inayochuruzika polepole bila kukoma huua pia, tena hiyo ndiyo inayowahadaa watu, kwa sababu kila ukiitazama unaona ni kidogo.

Mtazame na mama mwenyewe. Je, anatoka jasho la baridi? Ana kiu isiyoisha, anahangaika kitandani, viganja na ulimi vimepauka, anasema kichwa kinazunguka? Shika kifundo cha mkono wake, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakipita 100, kuna jambo. Presha isiwatulize: mwili wa mwanamke kijana huibana mishipa na kuishikilia presha hadi damu nyingi iwe imeshapotea, halafu huanguka ghafla.

Kwa nini tusingoje kidogo tuone kama itakata yenyewe?

Hapana, msingoje. Mwanamke aliyekuwa mzima kabisa anaweza kufa kwa kutokwa na damu ndani ya saa 2. Katika hizo, toa muda wa kushauriana, muda wa kutafuta usafiri na muda wa barabarani. Kinachobaki ndicho tunachopewa sisi wahudumu wa afya.

Hata dawa zenyewe zina muda wake. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000 katika nchi 21, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya kutokwa na damu ikitolewa ndani ya saa 3. Hutolewa gramu 1 kwenye mshipa, taratibu, kwa dakika 10. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, hurudiwa. Kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10, na saa 3 zikipita haisaidii tena. Kwa hiyo anayesema "tungoje ndugu fulani afike ndipo tuamue" anatumia dakika ambazo si zake. Mama yeyote anayetokwa na damu ana haki ya kupelekwa hospitali bila kusubiri idhini ya mtu.

Tufanye nini wakati tunasubiri gari au tukiwa njiani?

Mlazeni chali, mfunikeni apate joto. Akojoe kwanza, kibofu kilichojaa huusukuma mji wa mimba na kuuzuia kukaza, na mara nyingine kukojoa tu hubadilisha hali. Kisha wekeni mkono juu ya tumbo, karibu na kitovu, mtafute kitu cha mviringo, huo ndio mji wa mimba. Kikiwa laini, kisugueni kwa nguvu ya kiasi, kwa mzunguko, mpaka kiwe kigumu chini ya kiganja. Kikilegea tena, rudieni. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na anyonye, kwa kuwa kunyonya huamsha homoni inayokaza mji wa mimba, na naye hapoi njiani.

Msimwingize kitu chochote ukeni, iwe kitambaa, dawa ya majani au mkono. Mkiziba nje, damu itajikusanya ndani na hamtaiona. Vitambaa vilivyoloa vitieni kwenye mfuko mje navyo, hata kama mnaona aibu. Tunataka kuviona.

Kondo la nyuma limechelewa kutoka. Tulivute?

Msilivute. Kuvuta kamba ya kitovu wakati mji wa mimba umelegea kunaweza kuikata, au kuupindua mji wa mimba nje-ndani. Dakika 30 zikipita halijatoka, au damu ikianza kutoka kabla ya hapo, ondokeni kwenda hospitali.

Ile sindano ya paja baada ya mtoto kutoka ni ya lazima hata kama kila kitu kimekwenda vizuri?

Ndiyo. Ni oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10, hutolewa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, baada ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni. Hutolewa kwa kila mama kwa sababu wengi wanaotokwa na damu nyingi hawakuwa na dalili yoyote kabla. Kuzaa salama mara 3 hakukulindi mara ya 4.

Oksitosini inahitaji kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikiachwa kabatini kwenye joto hupoteza nguvu huku kichupa kikionekana kilekile. Kituo kisicho na jokofu linalofanya kazi kinawachoma akina mama sindano dhaifu bila kujua. Kabetosini, dawa ya kazi hiyohiyo inayostahimili joto, ipo, na utafiti wa 2018 wa nchi 10 ulionyesha kuwa haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu. Viongozi wa afya waulizwe kwa nini haijafika.

Na dawa za kuongeza uchungu ili mtoto atoke haraka?

Acheni. Majani ambayo hayana kipimo, au oksitosini iliyochomwa na mtu asiyefuatilia uchungu, huufanya mji wa mimba ukaze bila kupumzika. Mtoto hukosa hewa. Mji wa mimba unaweza kuchanika. Ukinusurika, huwa umechoka na haukazi baada ya mtoto kutoka. Ukiwa umeshakunywa kitu, mwambie mkunga ni nini na saa ngapi. Hutasemwa. Na akikusema, vumilia umwambie tu.

Mbona wengine hutokwa na damu hadi kufa wakiwa hospitalini?

Swali hili ni halali, na jibu lake halitupendezi. Damu imekuwa ikikadiriwa kwa macho, na macho hukosea sana, mara nyingi kwa kupunguza. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 210,000. Chini ya mama liliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kupimia. Mstari wa hatari ukifikiwa, hatua zote zilianza pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, traneksamiki, dripu, na kuchunguza chanzo. Hakuna kusubiri hatua moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kabla, karibu nusu ya waliotokwa na damu nyingi hawakugunduliwa. Kwa shuka hilo waligunduliwa 93 katika kila 100. Damu kali, upasuaji na vifo vya kutokwa na damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60.

Dawa hizo hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni kupima na kuwahi. Ndiyo maana wakunga wanadai shuka hilo kwa kila mama anayejifungua, na wakunga wa kutosha zamu ya usiku. Mkunga mmoja mwenye akina mama sita hawezi kumkagua kila mmoja kila dakika 15 katika saa 2 za mwanzo, na saa hizo ndizo za hatari zaidi.

Damu ilishapungua, sasa siku ya 9 imeanza tena, nyekundu. Ni hedhi imerudi?

Siyo. Huenda kipande cha kondo kilibaki au kuna maambukizi, hasa kukiwa na homa, harufu mbaya au maumivu chini ya kitovu. Njoo leo, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete na mtoto aendelee kunyonya, na kama una kadi ya kliniki yenye kipimo chako cha damu, ishike mkononi.