Wilt Chamberlain hakuzungukwa na watu wafupi

Kila mjadala wa magwiji wa mpira wa kikapu unapofika kwa Wilt Chamberlain, hakosekani wa kudai kwamba alifunga alama nyingi kwa kuwa waliomkaba walikuwa wafupi. Dai hilo ni la miaka mingi, lakini halisimami.

Chamberlain alikuwa na urefu wa takriban mita 2.16. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, alipofunga alama 100 dhidi ya New York Knicks, aliyeanza kumkaba alikuwa Darrall Imhoff, mwenye mita 2.08, ambaye alitolewa kwa wingi wa faulo baada ya kucheza dakika 20 tu. Kati ya wapinzani wake wengine, Bill Russell alikaribia kimo hicho cha Imhoff, na Walt Bellamy alifika mita 2.11. Tena ligi ya NBA ilikuwa na timu 9 tu msimu huo, hivyo vigogo hao walikutana mara kwa mara.

Kinachostahili kuhojiwa ni kasi ya mchezo wa wakati ule. Mechi ya Hershey iliisha kwa 169 dhidi ya 147, na Chamberlain peke yake alirusha mpira kikapuni mara 63, mbali na mitupo huru 32 ambayo aliingiza 28 (ajabu kwa mtu aliyesifika kwa kuikosa). Wastani wake wa alama 50.4 kwa mechi msimu huo ulitokana pia na kutopumzishwa: alicheza wastani wa dakika 48.5, ilhali mechi isiyo na muda wa nyongeza ni dakika 48.