Kamera tatu, kivuli hakuna

Vijana wanaokuja kujifunza kushuti kwangu hapa Sakina wanapenda kivuli. Taa moja pembeni, nusu ya uso gizani, basi mtu anajiona mtu wa sinema. Kwa video ya bongofleva, sawa. Kwa vichekesho vinavyoshutiwa na kamera tatu kwa mpigo, taa hiyo ni balaa, na ndiyo maana huwa nawawekea I Love Lucy, kipindi cha Marekani kilichoanza kurushwa na CBS mwaka 1951.

Enzi hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Wa mbali walipelekewa nakala iliyotengenezwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, yaani picha ya picha, imefifia. Lucille Ball, aliyeigiza Lucy, na mumewe Desi Arnaz hawakutaka kuhama Hollywood. Ikaamuliwa washuti kwa filamu ya milimita 35, mbele ya watazamaji kama 300. Gharama zikapanda, nao wakakubali kupunguziwa malipo ili filamu zibaki mali yao. Baadaye waliiuzia CBS kwa mamilioni ya dola. Wajanja wale!

Kazi ya taa alipewa Karl Freund, Mjerumani aliyeshuti Metropolis, sinema ya kimya ya Ujerumani yenye vivuli vizito. Kwenye sinema kila pembe huwekewa taa zake: unasimamisha, unahamisha stendi, unaendelea. Ukiwa na watu 300 wanaocheka huwezi. Ukiwaweka nusu saa wakikutazama unahamisha stendi, kicheko kimekufa. Halafu taa inayompendeza mwigizaji kwa kamera ya kushoto inamharibu kwa ya kulia, stendi inaingia kwenye picha, na waya sakafuni unazuia magurudumu ya kamera. Freund akazipandisha karibu taa zote juu, sakafu ikabaki tupu, na kwenye kamera akafunga taa ndogo za kuondoa weusi chini ya macho. Seti akaipaka rangi za kijivu ili weupe na weusi visirukeruke picha zikiunganishwa. Bingwa wa kivuli ndiye aliyekifukuza. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mhariri naye alipata mashine ya kuonyesha picha za kamera zote tatu pamoja na sauti. Wakaibatiza zimwi lenye vichwa vitatu.

Filamu iliwapa na nafasi ya kupanga. Kipindi cha Lucy kujifungua kilishutiwa 1952, kikawekwa akiba, kikarushwa tarehe 19 Januari 1953, siku ileile Lucille mwenyewe alipojifungua kwa upasuaji.

Sasa sisi. Kumbi nyingi za sendofu hapa Arusha zina dari jeupe la jipsamu: elekeza taa zako za LED huko juu, mwanga urudi chini ukiwa laini, nyaya zipite ukutani. Ila kwanza mwombe mpambaji azime zile taa zake za zambarau, la sivyo kamera zote tatu zitakuletea nyuso za bilinganya.