Muulize alichokula jana

Mzazi akikaa mbele ya meza yangu ya ushauri wa lishe hapa Kigoma, kesi huanza na chipsi: mtoto hataki ugali wa muhogo, anataka chipsi mayai. Sibishani naye. Namgeukia mtoto: "Jana, tangu umeamka mpaka unalala, umekula nini na nini?" Huo ndio mzani wangu. Ukimuuliza kama anapenda chakula cha asili, atakujibu unachotaka kusikia.

Majibu hufanana. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Mchana ugali na maharage, jioni chipsi mayai kama kuna hela, usiku ugali wa muhogo kwa dagaa. Kumbe cha asili anakula! Sasa tuhesabu.

Kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 49 tunahesabu makundi 10 ya vyakula, na kwa siku tunataka yasipungue 5. Andazi, ugali na chipsi vyote ni kundi moja. Maharage la pili, dagaa la tatu. La nne, nakiri shingo upande, ni yai la kwenye zile chipsi tunazozilaani. La tano limebaki shambani: matembele, kisamvu, mchicha. Nyumba nyingi, dagaa akishaingia chunguni, majani hayapikwi tena. Mboga ni moja. Simwambii mtu awe wa mboga saba. Mbili tu, hata chungu kimoja.

Dagaa mwenyewe simgusi. Akiliwa na mifupa yake anatoa kalsiamu, na kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji kama miligramu 1,300 kwa siku. Ila mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hupumzika na bei hupanda. Siku hizo maharage yashike zamu.

Mawese ndiyo hunigombanisha na wapishi. Ule wekundu ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A. Ukiyachoma mpaka yakawa meupe ili harufu ikate, umeuchoma pia. Wala usiyamimine mengi, karibu nusu yake ni mafuta yale yanayoganda.

Na chai isiandamane na maharage, inazuia madini ya chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Baada ya mlo mpe embe au chungwa, chai isubiri saa moja hivi.

"Na chipsi je, daktari?" (Mimi si daktari, ni wa lishe, lakini nimechoka kusahihisha.) Mara mojamoja ale, mama, ila kachumbari ijae sahani na soda ibaki dukani.