Mradi binafsi kwa frilansa maana yake nini hasa, na grupu linaingiaje hapo

Karibu kila mtu anayefanya kazi za ubunifu kwa kujitegemea, awe dizaina, mpiga picha, mchoraji, mwandishi au mhariri wa video, ameshaambiwa "anzisha mradi wako binafsi", akaitikia kwa kichwa, na akaondoka bila kujua hasa ameambiwa afanye nini. Simlaumu, manake hilo neno watu wanalitumia kwa vitu kama vinne tofauti. Huyu akisema mradi binafsi anamaanisha hobi, yule anamaanisha biashara ya pembeni, mwingine anaongelea logo aliyomchorea rafiki yake bila malipo. Mimi pia nilikaa miaka naliskia nikidhani nimelielewa.

Kwa lugha nyepesi, mradi binafsi ni kazi ya fani yako ambayo brifu umejiandikia mwenyewe, brifu nikimaanisha yale maelezo ya kazi ambayo kawaida anakupa mteja. Hapa mteja hayupo. Hamna wa kusema ongeza ukubwa wa logo, hamna wa kuidhinisha, hamna wa kulipa, wewe ndo unaamua unaanza lini, unaisha lini, na ukiisha unaonekanaje. Hayo mawili ya mwisho yashike vizuri kwa sababu ndo yanayoutenganisha na hobi. Mtu anayepiga gitaa jioni kupumzisha akili hana anachotakiwa kumaliza, anapiga akichoka analala, na ni raha yake. Mradi una umbo. Picha 40 za mikono ya watu wakiwa kazini. Fonti moja iliyokamilika, herufi zote mpaka alama za uakifishaji. Hadithi fupi 12, moja kila mwezi. Ukiweza kuutaja kwa sentensi moja na anayekusikiliza akajua siku ukimaliza ataona nini, basi huo ni mradi, na kama huwezi bado ni hamu tu, hamu ni nzuri ila haijawa kazi.

Sasa pale panapowaumiza watu ni kuchanganya mradi binafsi na kazi ya bure. Mtu anakuja, anasema hatuna bajeti sa hivi lakini itakutangaza sana, ichukulie kama mradi wako. Hapana jamani. Mteja bado yupo hapo, maamuzi bado ni yake, marekebisho ya mara ya tano ataomba yeye, na kilichoondoka mezani ni invoisi yako peke yake. Kumsaidia mtu au kikundi unachokipenda bila malipo ni jambo jema, nimefanya na nitafanya tena, ila uite msaada, uujue kwamba ni msaada, na usije ukauhesabu kuwa ni ule muda uliojiwekea wewe. Kuna pia yale mazoezi ya kuitengenezea kampuni kubwa logo mpya bila kuombwa. Hayo yapo katikati, brifu umejiandikia lakini unajifanya mteja yupo, na kwa anayeanza ambaye hana kitu cha kuonyesha yanafaa kabisa. Biashara ya pembeni yenyewe inajulikana kwa swali lake la kwanza, nani atanunua. Mradi binafsi unaweza ukaja kuuzwa baadaye, lakini swali lake la kwanza ni nataka kuona nini ambacho hakuna aliyeniomba.

Kwa nini mtu mwenye bili za kulipa ahangaike nao? Jibu la moyoni ni kwamba usipofanya kazi yako mwenyewe unaanza kuichukia fani uliyoipenda mwenyewe, na nimeona watu wenye mikono mizuri sana wakiacha kwa sababu hiyo wala sio kwa sababu ya hela. Lakini kuna na jibu la mfukoni. Wateja wanalipia kitu walichokwisha kukiona. Kama portifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi unazowaonyesha wateja, imejaa vipeperushi watakuletea vipeperushi, kila mwaka vipeperushi, na hakuna atakayekaa chini afikirie kwamba labda huyu angechora majalada ya vitabu vizuri, hiyo si kazi yake. Lazima kitu cha kwanza cha aina hiyo kiwepo kabla mtu hajakiomba, na wa kukiweka ni wewe tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Jessica Hische, mchora herufi wa Marekani. Mwaka 2009 alipoanza kujitegemea alijiwekea utaratibu wa kuchora herufi moja ya mapambo kila siku ya kazi, A mpaka Z, akimaliza anarudi A tena, akawa anaziweka mtandaoni watu wazione, na akaendelea mpaka zikatimia alfabeti 12. Hakuna aliyemtuma. Mwaka 2012 kampuni ya uchapishaji ya Penguin ikaanza kutoa toleo la vitabu 26 ambapo kila jalada lina herufi moja kubwa ya alfabeti iliyochorwa na yeye. Ukiangalia vizuri utaona mradi ulikuwa mdogo sana kwa siku, herufi moja tu, kilichoufanya uwe mkubwa ni kwamba ulikuwa na mpaka, ulikuwa na ratiba, na ulikuwa unaonekana na watu kila siku.

Na hapo kwenye kuonekana ndo nilitaka kufika.

Mteja huwa anakuletea vitu vitatu kwa mpigo, hela, dedlaini na macho, macho nikimaanisha kuna mtu anaisubiri hiyo kazi na ataiangalia. Ukimtoa mteja vyote vitatu vinaondoka naye. Hela unaweza ukavumilia maana ndo maana unafanya na kazi nyingine, lakini dedlaini na macho vikikosekana mradi hauendi, hata uwe na nidhamu kiasi gani. Mimi niliwahi kuanza mfululizo wa picha 30 za kuchora, nikafika ya saba, ikaja kazi ya haraka nikasema nitarudi wiki ijayo, na ile saba ikakaa saba karibu miaka miwili. Muda ulikuwepo. Nilichokosa ni mtu wa kugundua kwamba nimeacha. Siku nilipoingizwa kwenye kigrupu cha watu watano ambao kila Jumatatu kila mtu anaandika nimefanya hiki, wiki hii nitafanya hiki, nikamaliza zile 23 zilizobaki ndani ya miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyenisukuma, waliuliza tu "umefikia wapi?"

Kwa hiyo mtu akisema jumuiya ya wabunifu, usifikirie tu watu wa kukulike. Ni namna ya kurudisha zile dedlaini na macho ambazo mteja angekuja nazo. Ndo maana changamoto za pamoja zinafanya kazi. Inktober ilianzishwa 2009 na mchoraji Jake Parker, mchoro mmoja wa wino kila siku ya Oktoba, jumla 31. Kulikuwa na ile ya waandishi iliyoanza 1999, NaNoWriMo, shirika lake likafungwa 2025, ilikuwa ni maneno 50,000 ndani ya Novemba, kama maneno 1,667 kwa siku. Kuna 36 Days of Type iliyoanzia Barcelona, herufi 26 na tarakimu 10 ndo zinafanya hizo siku 36. Watu hawamiminiki huko kwa ajili ya zawadi. Wanapata tarehe moja ya mwisho ambayo kila mtu anaijua, na siku ya 19 ukiwa umechoka unawaona wenzako nao wamechoka na wameweka yao.

Magrupu yenyewe hayafanani na ni vizuri ujue uko kwenye lipi. Lile kubwa la fani, lenye mamia ya watu, ni la michongo, la kuulizia bei, la kuambiana mteja fulani halipi. Ni la muhimu sana kwa mfuko wako lakini usiupeleke mradi wako mchanga huko, utapata kimya, na kimya kinaua. Mradi unahitaji kikundi kidogo, wanne, watano, sita wakizidi, watu ambao ukikosa wiki mbili wanagundua. Si lazima wawe fani moja, na kwa maoni yangu wakichanganyika ni bora zaidi, mpiga picha hatashindana na mwandishi na kila mmoja ataona kitu ambacho mwenzake hakioni. Halafu wapo wanaopata hayo yote kwa kukaa tu meza moja ya kazi, kila mtu na laptopu yake, bila hata kuongea sana, na frilansa anayefanyia kazi chumbani mwezi mzima anajua uzito wa hilo.

Kwenye kuomba mrejesho, sema unataka mrejesho gani. Ukitupa kazi na kuandika "mnaonaje" utaambiwa kali sana, na hutakuwa umejifunza kitu. Uliza hivi, je sehemu ya pili inaeleweka bila ya kwanza, au macho yako yameenda wapi kwanza. Na kazi ikiwa bado changa kabisa unaruhusiwa kusema sitaki ushauri bado, naonyesha tu nilipofika.

Kuna wanaoogopa kushea kwa kuhofia kuibiwa wazo. Naielewa hiyo hofu, ila ijulikane vizuri sheria ikoje. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, na ni nchi nyingi sana, hakimiliki inaanza kazi ikishatengenezwa, huhitaji kusajili ndo uipate. Lakini inalinda ile kazi yenyewe, mchoro, maandishi, picha, wazo tupu haililindi. Wazo la kupiga picha mikono ya watu mtu yeyote anaweza kulichukua, picha zako hawezi. Maana yake kinachokulinda kweli ni kuifanya hiyo kazi, na wazo lililofichwa kwenye simu halina ulinzi wowote. Ila kama una ajira au mkataba mrefu na mteja, soma kile kipengele cha nani anamiliki unachotengeneza, kuna mikataba imeandikwa kwa upana mpaka inagusa na kazi za usiku wako. Na mkifanya kolabo ndani ya grupu, andikeni aya moja kabla hamjaanza, kazi ni ya nani, ikiuzwa mnagawanaje, mmoja akitoka inakuwaje. Aya moja tu, kwenye meseji inatosha kuanzia, urafiki mwingi umevunjika kwa kukosa hiyo aya.

Swali la mwisho ambalo huwa naulizwa ni je, ukiona mradi haukupi kitu tena? Uache. Wewe ndo uliandika brifu, una haki ya kuifunga. Ila usiuache ufe kimyakimya, manake unabaki unakudai na unakuzuia kuanza mwingine. Waandikie wenzako kwamba nilipanga 30, nimeishia 14, hizi hapa zote 14, naufunga leo. Kisha zipange, zipe jina, ziweke kwenye portifolio kama mfululizo wa 14, maana anayezitazama hajui kama zilipangwa kuwa 30, na Jumatatu inayofuata kwenye grupu unaandika jina la mradi mpya.