Mashine ya boti kukosa nguvu si lazima iwe imechoka

Mashine kuukuu ikilegea baharini, wengi husema, "Ringi zimekwisha," yaani pete za pistoni, kisha huifungua yote. Hasara tupu! Mara nyingi ni petroli isiyofika vizuri. Nguvu ikishuka, mwenzako aminye ile pampu ya mpira kwenye hozi ya petroli. Mashine ikichangamka, kagua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, nyufa za hozi, chujio na pampu ya mafuta.

Ikinguruma kwa kasi lakini boti haiendi, huenda mpira wa ndani ya propela unateleza. Chora mstari wa rangi kutoka bushi ya katikati hadi kwenye propela yenyewe, kisha nenda mwendo. Ukirudi ukakuta mstari umeachana, tatizo umelipata. Ringi nazo zipimwe kwanza kwa geji ya kompresheni (kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda), kabla ya kulegeza bolti hata moja ya silinda.